Anko alikuwa winga, tukamgeuza bango la grosari

Kuna ule utani wa George Best, winga wa zamani wa Manchester United, ambao kila mfuatiliaji wa mpira ameshausikia, kwamba hela zake nyingi ziliishia kwenye pombe, wanawake na magari ya kasi, zilizobaki ndo akazitapanya. Kila ikikaribia tarehe 25 Novemba, siku aliyofariki mwaka 2005, lazima mtu autume kwenye grupu na vikatuni vya kucheka. Mimi huwa nakausha. Nimeishi nyumba moja na mtu wa aina hiyo, wa hapa hapa kwetu, na nimeona utani kama huo unavyofanya kazi mezani, staa anatoa stori, meza nzima inavunjika mbavu, halafu sauti inatoka nyuma "mpe mzee mbili za baridi kwangu", na kesho hivo hivo, na keshokutwa.

Huyo wa kwetu ni Anko, mdogo wake mama. Alikuwa winga wa kulia, kacheza ligi kuu miaka ya tisini mpaka elfu mbili na kidogo, timu siitaji na lile jina lake la uwanjani siliandiki maana Morogoro wote watajua naongelea nani (wengine mmeshajua, nyamazeni). Alikuwa na mbio yule mtu. Wazee wa vijiweni mpaka leo wanabishana kuhusu krosi moja aliyopiga pale uwanja wa Jamhuri, kila mtu na toleo lake, kwa mmoja aliwapita mabeki wawili, kwa mwingine wanne, nadhani miaka kumi ijayo atakuwa kampita mpaka refa.

Goti ndo lilimstaafisha. Enzi hizo bima hakuna, kiinua mgongo hakuna, mikataba mingine ilikuwa ya mdomo tu, timu ikamlipia picha ya eksirei halafu baada ya hapo simu zikawa hazipokelewi. Akarudi Moro kwa dada yake, yaani kwa mama yangu, ambaye alikuwa na grosari. Na hapo naomba mnielewe, mama hakuwa na ubaya wowote, alimpokea mdogo wake akampa chumba na kazi. Anko akae kaunta, ahesabu kreti, awasimamie wahudumu, na wateja wakija kuangalia mechi wanamkuta mtu aliyecheza kweli kweli anawachambulia. Aisee ilifanya kazi! Watu walikuwa wanatoka mbali, wanapita baa nyingine tatu njiani, wanakuja kukaa kwetu. Mama akaongeza friji, akanunua TV kubwa, picha ya Anko na jezi ikabandikwa ukutani juu ya kaunta. Mshahara wake mwenyewe alikuwa hata hauulizii, maana akihitaji bia hanunui.

Baadae sana nilipoanza kusoma habari za hawa mastaa wa Ulaya nikashangaa kukuta wote wanapita njia ile ile. Best aliondoka Manchester United Januari 1974 akiwa na miaka 27, umri ambao winga ndo anaanza kukomaa, na huyu ni mtu ambaye 1968 alifunga kwenye fainali ya Kombe la Ulaya pale Wembley, Benfica wakala 4-1, na Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, akachukua mwaka huo huo. Akazunguka timu huku na kule, akaenda kucheza Marekani, na huko California akafungua baa karibu na bahari, Hermosa Beach. Mtu ana tatizo la pombe, halafu ana baa yenye jina lake! Gerd Müller nae, yule straika wa Ujerumani Magharibi mwenye magoli 68 kwenye mechi 62 za taifa, aliyewafunga Waholanzi goli la ubingwa wa dunia 1974 nyumbani kwao Munich. Mwaka 1979 akahamia Fort Lauderdale kule Florida, akamalizia mpira wake huko, akaingia kwenye biashara ya mgahawa, na pombe ikamshika vizuri kabisa.

Nimelifikiria sana hili. Mchezaji akistaafu bila hela, mtaji wake uliobaki ni jina, na sehemu ambapo jina linageuka hela haraka bila cheti wala mtaji mkubwa ni baa. Kwa hiyo kila mshauri anakuja na ushauri huo huo, fungua kiota, weka picha zako, watu watakuja. Na watakuja kweli. Shida ni kwamba hawaji mikono mitupu, wanakuja na mapenzi yao, na mapenzi ya shabiki kwa staa baa yanapimwa kwa chupa.

Kitu kingine ambacho sisi tuliokaa jukwaani hatukijui ni hii habari ya muda. Anko alishawahi kuniambia kwamba asubuhi haikuwa inamsumbua, usiku pia alikuwa analala, kilichokuwa kinammaliza ni saa kumi jioni. Miaka yote saa kumi ndo mechi inaanza. Anasema mwili wake ulikuwa unajua wenyewe, ikifika saa tisa na nusu moyo unaanza kwenda mbio, viganja vinatoa jasho, miguu inataka kitu, halafu unaangalia mbele yako kuna kreti tupu na nzi. Toka ana miaka kumi na kitu kuna mtu anamwambia saa ya kuamka, saa ya kula, leo mazoezi mepesi, kesho kambini, na jumamosi uwanja mzima unaimba jina lako. Ghafla hakuna anayekungoja popote. Bia ya saa kumi ikawa inaituliza ile hali, na mwanzoni ilikuwa moja.

Sitaki kuielezea sana ile miaka ya katikati, kila mwenye mlevi nyumbani anaijua. Bia ikawa haitoshi, akahamia kwenye konyagi, halafu viroba, kila mfuko wa traki suti yake ukiupapasa unakuta vipakti. Serikali ilipopiga marufuku viroba Machi 2017 mama alifurahi mpaka akatoa sadaka kanisani. Anko akahamia kwenye gongo, ambayo ni bei rahisi zaidi na hujui imepikwa na nini. Asubuhi mikono inatetemeka hawezi kushika kikombe cha chai mpaka azimue kwanza, akizimua anakuwa mtu wa kawaida kabisa, anaongea vizuri, anachambua mechi ya jana, na hiyo ndo inadanganya watu, unasema mbona yuko fiti.

Kwenye ukoo wakasema karogwa. Kuna waliosema ni wachezaji wenzake, wengine wakasema ni timu pinzani ile siku ya ile krosi, hela zikaenda kwa waganga. Hakuna aliyemtaja babu, baba yake Anko, ambaye alitokea Iringa na alikuwa mtu wa ulanzi (pombe ya mianzi) kuanzia masika inapoanza, na alikufa tumbo limejaa maji. Mama yake Best, Ann, nae aliingia kwenye pombe ukubwani na ikamuua 1978, hata miaka 60 hajafika. Sisemi kwamba ukizaliwa na mlevi lazima uwe mlevi, mama yangu huyo huyo kazaliwa na babu na kauza bia miaka yote hiyo hajawahi kuonja hata tone. Ila madaktari wanasema hii kitu inatembea kwenye damu za familia, na sisi tulikuwa na mtoto wa babu tumemkalisha kaunta.

Sasa hapa ndo naomba msome taratibu. Mjomba mkubwa alikuja kutoka Dodoma, mtu wa dini, mkali, akasema huyu anadekezwa, akaamua Anko afungiwe chumbani, apewe uji na maji, maombi asubuhi na jioni, pombe marufuku kabisa kuanzia siku ile. Siku ya kwanza ilikuwa jasho, kutapika na kutetemeka, tukaambiwa ndo shetani anatoka. Usiku uliofuata akaanza kuona wadudu wanapanda ukutani, anawapangusa mikononi, halafu akawa anasikia kelele za uwanjani, anatuambia tufungue mlango watu wameshajaa nje na yeye hajavaa viatu. Alikuwa serious kabisa, anatafuta viatu vyake vya mpira chini ya kitanda. Kabla hakujakucha akapata degedege, mtu mzima, anajirusha, povu mdomoni. Tukambeba kwenye bajaji mpaka hospitali.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mdogo tu, akasikiliza habari ya kumfungia chumbani akatuangalia kwa zamu. Akasema ubongo wa mtu anayekunywa kila siku kwa miaka unakuwa umeshazoea kuendeshwa na breki ya pombe, ukiitoa ghafla unaenda kasi mno, na zile siku mbili tatu za kwanza ndo watu wanapata degedege, wanaweweseka na wengine wanakufa. Yaani mlevi mkubwa kuacha ghafla bila usimamizi ni hatari kuliko hata yule teja wa unga mwenye arosto, anayeteseka akikosa dawa, ambae wote tunamuonea huruma. Wakampa diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa kipimo, wanapunguza kila siku, na dripu zenye vitamini B1 kwa sababu alikuwa hali chakula, na ukikosa hiyo vitamini muda mrefu kumbukumbu nazo zinaondoka. Ini lilikuwa limeshaanza kuharibika ila sio la kukata tamaa. Kwa hiyo kama una baba au kaka wa hivi na kuna mtu anataka kumfungia ndani kwa nia njema, mpelekeni kwanza hospitali, maombi yatafanyika hata wodini.

Kipindi amelazwa ndo nikawa namsomea habari za Best kwenye simu, sikujua vingine vya kuongea nae. Nikamsomea walivyomshonea vidonge tumboni, vile ambavyo ukinywa pombe juu yake unatapika na moyo unadunda hovyo, na bado akanywa. Nikamsomea alivyowekewa ini jipya London, hospitali ya King's College, Julai 2002, na mwaka uliofuata tu akarudi baa, na nchi nzima ikamkasirikia. Anko akaniuliza, "Hilo ini lilikuwa la mtu aliyekufa?" Nikamwambia ndio Anko. "Na bado akarudi?" Ndio. Akaangalia dari muda mrefu halafu akasema, "Namuelewa." Mimi nilitegemea atasema mjinga yule. Kabla hajafa akiwa na miaka 59 Best alikubali apigwe picha kitandani, mwili umekuwa wa njano, ujumbe wake ukiwa watu wasife kama yeye, na magazeti yakauza. Mazishi yake pale Belfast watu walijipanga barabarani kwa makumi elfu kwenye mvua. Mapenzi waliyokuwa nayo hayakuwa madogo hata kidogo.

Kuna watu wanadhani ni suala la elimu, mtu akielewa madhara ataacha. Waangalie Sócrates, kapteni wa Brazil ya 1982. Yule alikuwa daktari wa kusomea, ini analijua kuliko mimi na wewe, na pombe ikachangia kumuondoa Desemba 2011 akiwa na miaka 57.

Aliyenifungua akili ni Müller. Alirudi Munich, ndoa inayumba, anakunywa, na mwaka 1991 watu aliocheza nao, Uli Hoeness na Beckenbauer wakiwa mbele, wakamshika mkono akaingia kwenye matibabu. Hapo tu wengi wangeishia, tumemlipia, tumepiga picha, kazi kwake. Wale jamaa walipomtoa wakampa kazi, sio ya kukaa getini kusalimia wageni na kusaini jezi, kazi ya kufundisha vijana na timu ya pili ya Bayern Munich, klabu yake ya zamani, na akaifanya zaidi ya miaka 20 mpaka ugonjwa wa kusahau ulipomzidi, akafariki Agosti 2021 na miaka yake 75. Kina Thomas Müller (si ndugu yake, majina tu) wamepita kwenye mikono ya huyu mzee. Hebu linganisha, mmoja kapewa baa, mwingine kapewa filimbi na koni za mazoezi.

Tony Adams wa Arsenal nae ukimsoma unaona kitu hicho hicho kwa upande mwingine. Yule alifungwa jela Desemba 1990 kwa kuendesha amelewa, akatoka akarudishiwa ukapteni, akaendelea kunywa na kubeba makombe, mpaka Agosti 1996 alipoacha, na mwezi uliofuata akawaambia wenzake wazi kwamba mimi ni mlevi. Alikuwa bado anacheza. Alikuwa na mahali pa kwenda kila asubuhi. Mwaka 2000 akaanzisha kituo cha kuwasaidia wanamichezo wenye matatizo kama yake, Sporting Chance. Sisi huku vyama vya mpira vina kamati za kila kitu, za mashindano, za nidhamu, za masaa sabini na mbili (ile ya kusimamia ligi), kamati ya mtu aliyemaliza mpira sijawahi kuisikia.

Narudi nyumbani. Anko alipotoka hospitali alikaa soba hausi, nyumba ya wanaoacha ulevi, miezi kadhaa, akatoka msafi, na akarudi wapi? Grosari. Kwa sababu ndo ilikuwa nyumbani na ndo ilikuwa ajira. Krismasi haikupita akawa ameshaanza kunywa tena. Mama alilia siku ile, halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo baadhi ya ndugu wanamlaumu, akabandua ile picha ukutani, akamhamishia Anko kwa mama mdogo Kihonda, hapa hapa Moro, na akawaambia wateja kwamba huyu mtu hapa kwangu hanywi na asiyetaka ahamie baa nyingine. Wakahama. Sio wote, ila meza zile za wanaume wanene wenye hela wa ijumaa ziliondoka, na mauzo yakaporomoka mpaka ada ya mdogo wangu ikawa ya kuunga unga. Mama hakufunga biashara, asingeweza, sisi wote tumesoma kwa bia ile, ila taratibu akaingiza chipsi na supu, sasa hivi bia ni pembeni tu.

Filimbi ilikuja kwa bahati. Kuna mwalimu wa shule ya msingi Kihonda alikuwa anahangaika na watoto wa UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, hajui mpira, kaambiwa awafundishe. Mama mdogo akamtupia neno. Mwalimu akaja nyumbani, "Shikamoo kaka, nasikia ulicheza," Anko akajifanya hataki hataki, goti bovu, mara sina viatu. Kesho yake akaenda. Mazoezi yanaanza saa ngapi? Saa kumi. Nadhani hakuna dawa yoyote aliyopewa hospitali iliyomsaidia kama ile, ikifika saa tisa na nusu moyo unaanza kwenda mbio na kuna watoto arobaini na mpira wa kushonwa wanamsubiri kweli. Hela ni nauli tu, siku nyingine hata nauli hakuna, anatembea.

Alirudi kunywa tena baada ya hapo, nisidanganye. Mwalimu alimkuta kijiweni, hakumgombeza, alimwambia tu kwamba watoto wanauliza na kwamba jumatatu wana mechi. Akakaa kliniki tena, akaanza upya. Kliniki anaenda mpaka leo, ini linapimwa, na kuna kikundi cha wenzake walioacha wanakutana jumapili, mambo wanayoongea kule hatuambii na sisi hatuulizi.

Wanaomsumbua zaidi ni wanaompenda. Anapita barabarani mtu anashuka kwenye gari, "Legend! Njoo hapa, moja tu haiuwi," akikataa wanaona ana maringo, wengine wanamwekea noti mfukoni ambayo wanajua kabisa itaenda wapi. Siku hizi amejifunza kujibu, anawaambia nunua mpira namba nne uniletee uwanjani. Wengi hawaji. Wawili watatu wamekuja, mmoja kaleta na jezi seti nzima, za kijani, kubwa mno kwa watoto wale, zinafika magotini lakini wanazivaa.

Mtihani wetu kwa sasa ni bonanza la maveterani mwezi ujao. Anataka kucheza na sisi hatuna sababu ya kumzuia, shida ni ile kawaida ya bonanza, filimbi ya mwisho ikilia tu kreti zinashushwa pembeni ya uwanja na hakuna mwanaume anayeondoka. Tumekubaliana naenda nae, acheze kipindi kimoja, tunywe supu ya mbuzi ambayo waratibu wameapa itakuwepo, tupande bodaboda kabla hata kombe halijatolewa. Amekubali yote isipokuwa hilo la kipindi kimoja. Goti limevimba toka juzi, analikanda na barafu jioni, na bado anagoma kuanzia benchi.